Kubadilishiwa goti au nyonga kwa msaada wa roboti: hatua kwa hatua, tangu kliniki hadi nyumbani

"Mwanangu, ni kweli roboti ndiyo inayopasua?" "Na umeme ukikatika katikati?" "Nisubiri nipate pesa za roboti, au nifanye hii ya kawaida?"

Maswali haya nayapata karibu kila wiki. Mimi ni mfiziotherapia. Wagonjwa hunifikia baada ya upasuaji, wengine wakiwa na kidonda cha siku tatu, wengine wametoka India na begi limejaa picha na karatasi ambazo hakuna aliyewaeleza maana yake. Mengi ninayowaambia walipaswa kuyasikia miezi mitatu kabla, na ndiyo sababu nimeyaandika hapa kwa mpangilio. Fuata hatua moja baada ya nyingine.

Nianze na swali la kwanza. Kwa mashine nyingi zinazotumika leo, roboti haipasui. Daktari ndiye anayefungua mguu, ndiye anayeshika msumeno, ndiye anayeweka kiungo bandia na kushona. Mashine inapima, inaonyesha kwenye skrini, na inauzuia msumeno usivuke mpaka uliopangwa. Sehemu ya mfupa iliyosagika hukatwa na kuvalishwa chuma na plastiki ngumu, na mpangilio wa vipande hivyo unataka usahihi wa milimita na digrii. Roboti ina faida hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Eksirei ya kiungo, na kama ni goti, iwe imepigwa ukiwa umesimama. Ya kulala huficha jinsi mifupa inavyogusana ukibeba uzito.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na za asili.
- Majibu ya karibuni ya sukari, wingi wa damu, figo na presha.
- Mtu mmoja wa kukaa nawe wiki mbili za kwanza usiku na mchana. Asiwe mtoto wa shule.
- Fremu ya kutembelea au magongo mawili, yaliyopimwa kwa urefu wako.
- Kiti cha choo kilichoinuliwa. Nitakieleza mbele, usikiruke.
- Daftari. Utaandika majibu ya daktari, digrii za goti na saa za dawa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kiungo chenyewe, na wakati umefika

Mama mmoja alitibiwa goti kwa miaka miwili: sindano, vidonge, kukandwa. Alipofika kwangu nilimlaza, nikaukunja mguu na kuuzungusha taratibu kuelekea ndani. Akaruka. Goti lilikuwa zima, nyonga ndiyo iliyokuwa imekwisha. Ugonjwa wa nyonga huweza kuleta maumivu kwenye goti, kwa hiyo mwombe daktari akague vyote viwili.

Upasuaji ni wa mtu ambaye maumivu yanamwamsha usiku, hatembei hata kufika dukani, na ameshajaribu kwa dhati mazoezi, kupunguza uzito na dawa. Picha mbaya peke yake haitoshi. Nimeona watu ambao eksirei zao zinatisha na bado wanalima.

Kijana mwenye selimundu na maumivu ya nyonga asiambiwe kwamba ni mdogo mno, avumilie tu. Selimundu inaweza kuua kichwa cha fupa la paja hata kabla ya miaka 30. Huyo aonwe na daktari bingwa wa mifupa mapema, na timu ya damu na ya ganzi zishirikishwe tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Uliza ni roboti gani, na nani anaishika

Neno "roboti" linafunika mashine zisizofanana. Mako ya kampuni ya Stryker ina mkono unaobeba msumeno pamoja na daktari, na huhitaji CT skani, yaani picha za kompyuta zinazoonyesha mfupa pande zote, kabla ya siku ya upasuaji. ROSA ya Zimmer Biomet hushikilia kiongozi cha kukatia, yaani kifaa kinachoonyesha msumeno upite wapi, daktari akakata mwenyewe. CORI ya Smith+Nephew ni kifaa cha kushika mkononi, na ramani ya mfupa huchorwa palepale mezani bila CT. CUVIS ya Korea Kusini, ambayo wanaosafiri kwenda kutibiwa India hukutana nayo, hukata yenyewe kwa mpango uliowekwa, daktari akiisimamia na kuweza kuisimamisha. Na wala si jambo la jana: mwaka 1992 huko Sacramento, California, mashine iliyoitwa ROBODOC ilitumika kuchonga fupa la paja la mgonjwa wa nyonga.

Muulize daktari haya, uandike majibu:

- Unabadilisha magoti au nyonga ngapi kwa mwaka? Ngapi kati ya hizo kwa mashine hii?
- Mashine ikigoma, utamalizia kwa mkono? Umewahi?
- Kiungo bandia gani kitawekwa? Mashine nyingi hufungamana na viungo vya kampuni iliyoziunda, kwa hiyo ukichagua roboti umechagua na kiungo.
- Nani ataniona kidonda kikileta shida mwezi wa pili?

Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Akikasirika, una jibu lako.

Sasa niseme ninachoamini, maana ndicho mnachoniuliza kwa kuzungukazunguka. Tafiti zinaonyesha kwamba roboti husaidia kuweka kiungo pale palipopangwa kwa usahihi zaidi. Lakini ukimtazama mgonjwa mwaka mmoja au zaidi baadaye, maumivu yake na mwendo wake, tofauti na upasuaji wa kawaida uliofanywa na mkono uliozoea ni ndogo, au haionekani. Nikiwa na mzazi wangu mkononi, nitampeleka kwa mpasuaji anayefanya kazi hii kila wiki bila roboti kuliko kwa anayeifanya mara chache akiwa nayo. Na kama pesa zinatosha kwa kimoja tu, roboti au wiki sita za fiziotherapia, lipia fiziotherapia.

Tena, roboti si sharti la kwenda mbali. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, hubadilisha nyonga na magoti, na Kenya ipo hospitali ya Kijabe. Uliza kwanza karibu nawe.

Hatua ya 3: Piga hesabu yote

Bei unayotajiwa kwenye simu mara nyingi ni ya upasuaji tu. Omba karatasi inayoonyesha kila kitu: ada ya roboti, CT, kiungo chenyewe, siku za wodini, dawa za kuzuia damu kuganda, fiziotherapia. Kwa msafiri ongeza viza, tiketi ya msindikizaji, na malazi ya siku utakazokaa nje ya hospitali kabla ya kuruhusiwa kupanda ndege. Bima nayo uiulize kwa maandishi: inalipia kiungo? Inalipia roboti? Jibu la mdomo kaunta halitakusaidia siku ya kutoka.

Hatua ya 4: Uandae mwili

Adui mkubwa wa kiungo bandia ni maambukizi. Vijidudu vikishika kwenye chuma, huenda kiungo kikalazimika kutolewa chote. Kwa hiyo:

1. Sukari. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu kikizidi asilimia 8, wapasuaji wengi huahirisha. Waache waahirishe.
2. Meno. Jino lililooza ling'olewe au lizibwe kabla.
3. Ngozi. Jipu, fangasi wa vidoleni au kidonda mguuni vipone kwanza. Usinyoe mguu kwa wembe nyumbani, kwa sababu michubuko midogo ni mlango wa vijidudu.
4. Sindano za goti. Kama umechomwa sindano ya steroidi ndani ya kiungo, kwa kawaida husubiriwa miezi mitatu. Mwambie daktari tarehe halisi.
5. Damu. Upungufu utibiwe mapema, si kwa kuongezwa damu usiku wa kuamkia upasuaji.
6. Sigara na tumbaku, acha. Hata ukiacha wiki nne au sita kabla, kidonda hupona vizuri zaidi.

Dawa za kuzuia damu kuganda usizisimamishe kwa kushauriwa na jirani. Daktari ndiye atakayekupa siku ya kuacha na siku ya kurudia.

Hatua ya 5: Tengeneza nyumba kabla hujaondoka

Hapa ndipo vitabu vya wageni vinapotuacha. Vimeandikwa kwa mtu anayelala kitanda kirefu na kukaa kwenye choo cha kuketi.

Choo cha kuchuchumaa hakitumiki kwa wiki nyingi baada ya nyonga, na baada ya goti hutaweza hata ukitaka. Fundi seremala anaweza kukuundia kiti imara chenye tundu katikati na mikono pembeni, cha kusimamishwa juu ya choo. Urefu wake: ukikaa, magoti yako yawe chini kidogo ya nyonga. Kaa juu yake kabla ya upasuaji. Kikiyumba, mrudishie fundi.

Kitanda kikiwa chini, kiinue kwa matofali yaliyokaa sawasawa, au ongeza godoro. Ondoa mikeka na mazulia madogo njiani, maana fremu hunasa hapo. Weka taa ya usiku kati ya kitanda na choo. Kama chumba chako kiko ghorofani, shusha kitanda chini kwa mwezi mmoja.

Na mbuzi ya kukunia nazi, akina mama, mpeni mtu mwingine kabisa. Ile mbuzi iko chini, miguu huku na huku, umeinamia sinia: ndiyo hasa mikao inayoweza kuchomoa nyonga mpya. Kigoda cha jikoni nacho kitoke. Nunua au azima stuli ndefu, upikie umekaa juu.

Kuhusu swala: panga kiti sasa. Ruhusa ya kuswali umeketi kwa mgonjwa ipo, na imamu wako atakueleza namna. Nasema hivi kwa sababu nimeona mzee akisujudu sakafuni wiki ya tatu kwa kuona aibu msikitini.

Hatua ya 6: Anza mazoezi leo

Lala chali, bonyeza nyuma ya goti kitandani, kaza paja, hesabu mpaka 5, achia. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Kisha jifunze kutembea na magongo ukiwa bado mzima. Mikono pia iandae kwa kujiinua kwenye kiti chenye mikono, kwani wiki ya kwanza utabebwa nayo.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Wengi huchomwa ganzi ya mgongo na dawa ya kusinzia. Utasikia sauti za nyundo na msumeno kwa mbali, au usisikie kitu.

Daktari akishafungua, kwa mashine nyingi hufunga vijiti vya chuma kwenye mfupa, vyenye alama ambazo kamera iliyo pembeni ya meza inaziona. Kwa goti huwa kwenye paja na kwenye muundi. Kisha hugusa mfupa sehemu kadhaa kwa ncha maalumu, na mashine inaulinganisha mfupa wako na ramani yake. Hukunja na kunyoosha goti ili kuona kano zimekaza wapi na kulegea wapi, akirekebisha mpango kabla hajakata chochote. Huenda akawepo mtaalamu wa kampuni anayeendesha kompyuta. Hagusi mguu wako.

Umeme ukikatika? Thieta huwa na umeme wa akiba, na vifaa vya mkono vinapaswa kuwa tayari pale pale. Daktari anasimamisha mashine, anamalizia kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo lile swali la "utamalizia kwa mkono?" si la kupoteza muda.

Hatua ya 8: Saa 24 za kwanza

Utasimamishwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Ndugu watasema "mwacheni apumzike". Wapuuze kwa upole. Kulala tu ndiko kunakoleta damu kuganda na mapafu kujaa.

Chezesha nyayo juu na chini kila saa ukiwa macho. Kunywa dawa ya maumivu kabla ya mazoezi, usingoje yakulemee. Ukitazama mguu utaona kidonda kirefu, na pengine viwili hadi vinne vidogo mbali nacho. Hivyo vidogo ni vya vijiti vya mashine. Vihesabu na uviandike kwenye daftari, tutavirudia.

Kabla ya kutoka hospitali dai vitu vitatu: ripoti ya upasuaji, picha za baada ya upasuaji, na stika za kiungo zenye jina, saizi na namba. Siku kiungo kitakapohitaji kurekebishwa, labda miaka 15 baadaye, daktari atazitafuta stika hizo kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya 9: Goti, wiki ya 1 hadi ya 6

Kazi ni mbili, kunyoosha na kukunja, na watu husahau kunyoosha.

Kunyoosha: kaa kitandani, weka taulo lililoviringishwa chini ya kisigino, goti lining'inie. Dakika 10, mara tatu kwa siku. *Usiweke mto chini ya goti.* Unaleta raha, najua, na goti litapona likiwa limejikunja.

Kukunja: kaa kwenye kiti, vuta mguu nyuma kadiri unavyoweza, shikilia, kisha sogeza makalio mbele kidogo huku wayo umeganda sakafuni. Itauma. Nikimpima mgonjwa siku ya nne na kipimo changu cha plastiki, mara nyingi nakuta 60 au 70, jasho linamtoka. Lengo ni karibu digrii 90 mwisho wa wiki ya pili, na 110 au zaidi kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili.

Ngazi: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mguu uliofanyiwa utangulie. Magongo yaende na mguu uliofanyiwa.

Barafu kwenye kitambaa dakika 15, mara kadhaa kwa siku. Maji ya moto, mafuta ya kuchulia na dawa za kupaka visikaribie kidonda. Nazungumza na mashangazi hasa: najua ni kwa mapenzi, lakini kukanda goti jipya kwa maji moto huongeza uvimbe, na kidonda kibichi kinaweza kufunguka.

Bodaboda hapana. Teksi, kiti cha mbele kimesukumwa nyuma kabisa.

Hatua ya 10: Nyonga, wiki ya 1 hadi ya 6

Nyonga haihitaji kulazimishwa kama goti. Inahitaji kutembea na kujizuia. Uliza daktari alipitia mbele au nyuma, maana masharti hutofautiana. Aliyepitiwa nyuma kwa kawaida hupewa haya kwa wiki 6 hadi 12: usikunje nyonga kupita digrii 90, usipishanishe miguu, usigeuze kidole gumba cha mguu kuelekea ndani. Lala na mto katikati ya mapaja. Viatu vivae kwa msaada, usiviinamie.

Mambo yakienda ndivyo sivyo

*Goti bado la moto na limevimba wiki ya sita.* Joto kidogo na uvimbe wa jioni unaopungua asubuhi ni kawaida, na huweza kudumu miezi. Ganzi upande wa nje wa kovu na mlio wa "tik" ukitembea pia ni kawaida.

*Kidonda kinatoa majimaji baada ya siku kadhaa, au wekundu unatambaa, au una homa.* Rudi kwa aliyekupasua siku hiyo hiyo. Usinunue antibiotiki dukani, kwa sababu huficha maambukizi na kumfanya daktari ashindwe kujua ni kijidudu gani.

*Kigimbi kinauma, kigumu, kimevimba upande mmoja.* Huenda damu imeganda. Nenda hospitali leo. Kifua kikibana au pumzi ikikata ghafla, ni dharura. Ndiyo maana dawa ya kuzuia damu kuganda inamalizwa yote, mara nyingi siku 14 kwa goti na 28 hadi 35 kwa nyonga. Ukiwa nje ya nchi, usipande ndege ya masaa mengi kabla daktari hajakuruhusu.

*Goti halijafika 90 wiki ya sita.* Usikate tamaa na usingoje. Daktari anaweza kulikunja ukiwa umelazwa kwa dawa ya usingizi, na hilo hufaulu zaidi likifanywa ndani ya wiki 12 za kwanza.

*Umesikia "tok", nyonga inauma vibaya, mguu umekuwa mfupi na umegeuka.* Imechomoka. Usimruhusu mtu yeyote auvute. Lala, mguu ukingwe na mito, uite gari la wagonjwa.

*Maumivu mapya kwenye muundi au paja ukikanyaga, mbali na kidonda kikubwa.* Toa daftari. Je, ni pale palipokuwa na tundu la kijiti? Mara chache sana mfupa hupasuka hapo wiki chache baadaye. Punguza uzito kwenye mguu, rudi kwenye magongo mawili, na uombe eksirei ya *mfupa mzima*. Picha ya goti peke yake inaweza kukatia juu ya lile tundu, ukaambiwa huna kitu.